Mzigo Uliolala Ghalani: Somo Kutoka Bandari ya Beirut



Mkulima anayetumia mbolea ya chumvichumvi huikuta dukani au kwenye ghala la ushirika. Mfuko umeshonwa vizuri, una maandishi na picha. Analipa, anaufunga kwenye baiskeli, basi. Lakini mfuko huo una safari ndefu nyuma yake. Mbolea yetu nyingi huja kwa meli. Hushushwa bandarini, Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hulala ghalani siku kadhaa, ndipo hupakiwa kwenye lori au gari la moshi kuja huku kwetu.

Somo la leo linahusu hapo katikati, yaani pale mzigo unapolala bandarini. Je, nani anajua ni mzigo gani? Nani anaulinda? Na mwenye mzigo asipotokea, ni kazi ya nani kuuondoa? Tutajifunza kwa mfano wa kweli. Mfano huu umetoka Beirut, mji mkuu wa Lebanon, kwenye bahari ya Mediterania. Ni mbali, lakini mtaona kwamba mzigo wenyewe ulikuwa njiani kuja pwani hii hii yetu ya Afrika ya Mashariki.

SAFARI YA RHOSUS

Mwezi Septemba 2013 meli moja kuukuu iitwayo Rhosus iliondoka bandari ya Batumi, nchi ya Georgia. Ilibeba tani 2,750 za amoniamu naitreti. Ilikuwa inakwenda Beira, Msumbiji. Mnunuzi alikuwa kiwanda cha Msumbiji kinachotengeneza baruti za kupasulia miamba migodini.

Meli hii ilipeperusha bendera ya Moldova, nchi ambayo haina pwani ya bahari. Msishangae. Wenye meli wengi huandikisha vyombo vyao katika nchi nyingine kwa sababu ya ada ndogo au ukaguzi mwepesi. Tatizo huja mambo yanapoharibika. Unamtafuta mwenye meli, humpati. Unaitafuta nchi ya bendera, iko mbali na haina habari.

Kabla ya kupita mfereji wa Suez, Rhosus iliingia Beirut mwezi Novemba 2013 kuongeza mzigo wa mashine nzito, kusudi ipate fedha za kulipia mfereji. Mashine zikawa nzito mno kwa meli ile chakavu. Wakaguzi wa bandari wakaikagua, wakaona haifai kusafiri. Tena ilikuwa inadaiwa. Ikazuiwa. Mwenye meli akaitupa, pamoja na watu waliokuwa ndani. Nahodha na mabaharia wachache walizuiliwa melini miezi mingi hadi mwaka 2014, bila mshahara. Nahodha alieleza baadaye kwamba aliuza sehemu ya mafuta ya meli ili amlipe mwanasheria.

Mwezi Oktoba 2014 mzigo ulihamishiwa nchi kavu, katika Ghala Namba 12. Meli yenyewe ilizama pale pale bandarini mwaka 2018. Mzigo ukabaki.

Hebu tupige hesabu kidogo tujue tunazungumzia kiasi gani. Tani moja ni kilo 1,000. Kwa hiyo tani 2,750 ni kilo 2,750,000. Ukizitia katika mifuko ya kilo 50 unapata mifuko 55,000. Lori la tani kumi lingekwenda safari 275 kumaliza kazi.

NI KITU GANI HIKI?

Amoniamu naitreti ni chembechembe nyeupe kama chumvi ya mawe. Mimea huipenda kwa sababu ina naitrojeni nyingi. Mbolea ya CAN, ambayo wengi wenu mmeitia kwenye mahindi, imetengenezwa kwa kuchanganya amoniamu naitreti na unga wa chokaa. Chokaa ile inaitia adabu, hailipuki kwa urahisi. Mzigo wa Beirut haukuwa na chokaa. Ulikuwa wa aina ya viwanda vya baruti.

Je, kitu hiki kinawaka kama mafuta ya taa? Hapana. Ukiweka mfuko wake peke yake, mahali pakavu na safi, utakaa tu. Hatari yake ni nyingine. Mmewahi kumwona mhunzi akivuvia moto kwa mivukuto? Mkaa ni ule ule, lakini hewa inapozidi moto unakuwa mkali hata chuma kinalainika. Ndani ya amoniamu naitreti kuna oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa inayofanya moto uwake. Inapopata joto kali inayeyuka na kuitoa oksijeni hiyo. Ni kama moto wenye mivukuto ndani yake wenyewe. Ikiwa ni nyingi, imebanwa, na imechanganyika na vitu vinavyowaka, inaweza kugeuka gesi yote kwa mara moja. Huo ndio mlipuko.

Kwa sababu hiyo kuufungia moto wake hewa hakusaidii. Watu wa Texas City, Marekani, walijifunza hayo kwa gharama kubwa. Tarehe 16 Aprili 1947 moto ulianza katika tumbo la meli ya Kifaransa, Grandcamp, iliyopakia mbolea hii. Nahodha hakutaka maji yaharibu mzigo. Akaamuru vifuniko vifungwe na mvuke uingizwe ndani. Kwa pamba au magunia huenda ingefaa. Kwa naitreti joto lilizidi tu. Watu walikusanyika gatini kutazama moshi wa rangi ya ajabu. Meli ikalipuka. Walikufa zaidi ya 500, pamoja na karibu kikosi chote cha zimamoto cha mji ule.

Baada ya maafa ya namna hii mataifa yalikubaliana kanuni za kusafirisha vitu vya hatari baharini. Kanuni hizo husimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, lenye makao London. Vitu vya hatari vimegawanywa katika madaraja tisa. La kwanza ni baruti na fataki. La tatu ni mafuta kama petroli. Naitreti iko katika daraja la tano, pamoja na vitu vingine vinavyotoa oksijeni. Kila daraja lina alama yake ya pembe nne iliyosimama kwa ncha moja. Alama ya naitreti ni ya manjano, ina duara na ndimi za moto juu yake, na chini namba 5.1. Kuli asiyejua kusoma Kiingereza wala Kirusi anaweza kuitambua, mradi amefundishwa. Na kanuni inasema vitu gani visikae jirani: kitoa oksijeni kikae mbali na mafuta, na kikae mbali na baruti.

Sasa tuingie Ghala Namba 12. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba ndani yake, pamoja na naitreti, mlikuwa na fataki na matairi ya magari. Daraja la kwanza na daraja la tano chini ya paa moja!

BARUA ZILIANDIKWA

Mtu atasema, labda hawakujua. Walijua. Kati ya mwaka 2014 na 2017 maofisa wa forodha walimwandikia jaji mara kadhaa. Waliomba mzigo urudishwe nje, au upewe jeshi, au uuzwe kwa kampuni ya baruti ya humo nchini. Jaji alirudisha maswali ya kisheria. Nao waliandika tena ombi lile lile. Forodha walisema ni juu ya mahakama, mahakama ilisema si juu yake, bandari ilisema mzigo uko chini ya forodha. Kila ofisi ilikuwa na nakala katika faili lake, na kila mmoja aliweza kuonyesha kwamba yeye aliandika.

Sisi watu wa elimu tunasifu sana kuandika barua, na ni haki yetu. Lakini barua ni mwanzo wa kazi. Ile ya Beirut iligeuka kinga ya mwandishi wake.

Mwaka 2020 idara ya usalama wa taifa ilichunguza ghala. Ilikuta mlango mmoja haupo na ukuta una tundu. Yaani mwizi angeweza kuingia. Na huenda waliingia: wapelelezi wa Marekani, FBI, walikadiria baadaye kwamba kiasi kilicholipuka kilikuwa kama tani 552 tu. Amri ikatolewa: tengenezeni milango, zibeni tundu, wekeni walinzi. Mwezi Julai Rais na Waziri Mkuu wakapelekewa taarifa. Tazameni ile amri vizuri, ndugu zangu. Ilihusu mlango na ukuta. Mzigo wenyewe ulibaki mahali pake.

TAREHE 4 AGOSTI 2020

Siku hiyo mafundi walikuwa wakichomelea mlango wa ghala. Jioni moto ulionekana. Kama ni cheche za mafundi ndizo zilizouwasha au kitu kingine, jambo hilo bado linabishaniwa. Zimamoto waliitwa kabla ya saa 12 jioni. Walikwenda watu kumi, tisa wa kuzima moto na mmoja muuguzi, msichana. Hakuna aliyewaambia kilichokuwa ndani. Ipo picha inayowaonyesha watatu kati yao wakihangaika kufungua mlango wa ghala.

Saa 12 na dakika 7 ghala lililipuka. Wote kumi walikufa. Kwa jumla walikufa watu zaidi ya 200, wakaumia zaidi ya 6,000, na watu kama 300,000 wakabaki hawana mahali pa kukaa. Mshindo ulisikika kisiwani Cyprus, zaidi ya kilomita 200 ng'ambo ya bahari. Wingu la rangi ya kahawia nyekundu lilipanda juu ya mji. Ile rangi ni gesi ya sumu inayotokana na naitreti.

Karibu kabisa na ghala kulikuwa na vihenge vikubwa vya saruji, virefu mita 48, ambamo nchi ile iliweka sehemu kubwa ya nafaka yake kutoka ng'ambo. Vihenge vilipokea dhoruba na kuukinga kidogo upande wa magharibi wa mji. Lakini ngano ilimwagika, na bandari iliyokuwa ikipokea chakula cha nchi ikawa kifusi.

Mkulima atapenda kujua yaliyotokea baadaye. Nafaka iliyobaki vihengeni iliachwa, ikanyeshewa, ikachacha. Nanyi mnajua mahindi mabichi yakirundikwa hupata joto. Mwezi Julai 2022 nafaka ile iliwaka moto yenyewe, moshi ukawafikia tena watu wale wale, na sehemu ya vihenge ikaporomoka.

Tena, walipoanza kusafisha bandari baada ya mlipuko walikuta makontena mengine ya kemikali za hatari, zikiwemo tindikali, zilizokaa humo miaka mingi. Kampuni ya Kijerumani Combi Lift ilifunga upya makontena 59 na kuyapeleka Ujerumani mwaka 2021 yakaharibiwe kwa usalama. Kwa hiyo iliwezekana. Kazi ambayo haikufanyika kwa miaka ilifanyika kwa miezi, bandari ikiwa tayari imebomoka.

Kesi je? Jaji Tarek Bitar alikabidhiwa uchunguzi mwaka 2021. Wakubwa walioitwa kuhojiwa walimwekea pingamizi, kazi ikasimama muda mrefu. Aliianza tena Januari 2025. Familia za waliokufa zimekuwa zikikusanyika karibu na bandari na picha za watu wao.

KATIKA GHALA LETU

Mfuko wa CAN si Ghala Namba 12, msiogope mbolea yenu. Lakini kanuni ni ile ile kwa udogo wake. Mbolea isiwekwe pamoja na mafuta ya taa, dizeli, mkaa au pamba. Asivute mtu sigara ghalani, wala fundi asichomelee kitu kabla mifuko haijahamishwa. Mifuko iliyopasuka ifagiliwe, isiachwe ichanganyike na takataka. Na lebo isichanwe. Wapo wanaozikata lebo ili wapate mfuko safi wa kutilia mahindi, na hili nimeliona mara nyingi. Ukikata lebo wakati mbolea bado imo, umemfanya atakayefuata awe kama wale kumi pale mlangoni.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ghala la chama lina mifuko 240 ya CAN, kila mmoja kilo 50. Ni tani ngapi? Lori la tani tatu litakwenda safari ngapi kuihamisha?

2. Kati ya forodha, mahakama na bandari, nyinyi mngempa nani kazi ya kuuondoa mzigo wa Rhosus, na kwa muda gani? Toeni sababu.

3. Nendeni na kiongozi wenu wa kisomo kwenye ghala la karibu. Someni lebo ya kila kitu kilichomo. Andikeni katika daftari: jina lake, alama yake, jirani yake ni nini, kimekaa tangu lini, na nani mwenye ufunguo.