Kifaa changu cha bila waya kitapata hataza Marekani?

Swali: Nimebuni kifaa kinachotuma hali ya geti kwenye simu bila waya. Nitapata hataza Marekani?

Jibu: Kwa maelezo hayo tu, usitarajie. Mwaka 2014, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, Mahakama ya Juu ilisema wazo dhahania halipati hataza kwa kutiwa kwenye kompyuta ya kawaida. Mwaka 2019 Chamberlain, watengenezaji wa vifungulio vya milango ya gereji, walishindwa kwenye rufaa: kutuma bila waya taarifa kuwa mlango umefungwa au u wazi kulihesabiwa wazo tupu. Naona mahakama hiyo ya rufaa ilikaza mno. Mota ya kifungulio hicho inashikika mkononi, si wazo tu. Lakini kampuni ya Enfish ilifanikiwa 2016, kwani jedwali lake la data liliboresha kompyuta yenyewe. Kwenye ombi lako, eleza kinaga ubaga ulichoboresha kiufundi.