SOMO LETU: Tujifunze Kuipigia Stima Hesabu



Siku hizi vikundi vingi vina sola kwenye ukumbi, na vingine vimevuta stima. Mweka hazina anajua kila shilingi iliyoingia, lakini ukiuliza pesa za tokeni zinaendaje, watu wanatazamana. Taa zikififia, tunaambiwa betri imekufa, inunuliwe nyingine. Basi tunachanga tena. Je, ni kweli ni betri? Somo hili litawasaidia kujua kabla ya kutoa pesa. Hesabu yake ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

1. MANENO MANNE

Fikirieni tangi la maji lililo juu ya kilima, na mpira unaoleta maji shambani.

Volti ni ule msukumo. Tangi likiwa juu zaidi, maji yanasukumwa kwa nguvu zaidi. Betri ya sola ya kawaida ni ya volti 12. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240.

Ampea ni wingi wa umeme unaopita, kama wingi wa maji yanayopita kwenye mpira.

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya au chombo kinavyouzuia umeme. Mpira mwembamba tena mrefu hupitisha maji kidogo. Waya nao ni vivyo hivyo.

Wati ni nguvu inayotumika: mwanga, joto au sauti tunayopata.

2. HESABU MBILI

Ukinzani (omu) = volti ÷ ampea
Nguvu (wati) = volti × ampea

Mfano: Hita ndogo ya betri ya volti 12 inavuta ampea 0.5. Ukinzani ni 12 ÷ 0.5 = omu 24. Nguvu ni 12 × 0.5 = wati 6.

Sasa chukueni birika la stima la volti 240 linalovuta ampea 10. Ukinzani ni 240 ÷ 10 = omu 24. Nguvu ni 240 × 10 = wati 2400.

Mmeona? Ukinzani ni ule ule, lakini volti zimezidi mara 20 na ampea pia mara 20, kwa hivyo nguvu imezidi mara 400. Ndiyo sababu chombo cha volti 12 kikichomekwa kwenye stima ya 240 huungua mara moja.

3. TAA ZINAZOFIFIA

Tuseme betri iko ofisini, na taa ziko ukumbini, mita 20 kutoka hapo. Taa zote pamoja zinavuta ampea 4. Kikundi kilinunua waya wa shaba wa 1.5 kwa sababu ni wa bei nafuu. Umeme huenda na kurudi, kwa hivyo waya wote ni mita 40, na ukinzani wake ni karibu omu 0.5.

Volti zinazopotea njiani hupatikana kwa kuzidisha ampea na omu: 4 × 0.5 = volti 2. Betri inatoa 12, taa zinapata 10. Wati zinazopotea ni 2 × 4 = 8. Betri inatoa wati 48, na wati 8 kati yake zinaupasha waya joto bure. Hiyo ni sehemu moja kati ya sita!

Waya wa 2.5 kwa umbali huo huo una ukinzani wa karibu omu 0.28, kwa hivyo volti zinazopotea ni kama 1.1 tu. Kuisogeza betri karibu na taa pia kunasaidia.

Kwa hivyo, kabla ya kununua betri mpya, fundi apime volti mahali pawili huku taa zikiwaka: kwenye betri na kwenye taa. Betri ikisoma 12 na taa 10, kosa ni la waya. Betri yenyewe ikishuka hadi 10, basi ama haina chaji ama imechoka.

4. SOKETI MOJA, VYOMBO VINGI

Soketi zetu ni za ampea 13. Zidisheni: 240 × 13 = wati 3120. Hapo ndipo mwisho. Birika la wati 2400 na pasi ya wati 1000 kwenye ekstensheni moja ni wati 3400. Gawanyeni kwa 240: zaidi ya ampea 14. Waya utapata moto, na nyumba inaweza kuungua. Waya uliokunjwa kama kamba hupata moto haraka zaidi.

5. TOKENI INAENDA WAPI?

Yuniti moja ni wati 1000 kwa saa moja. Taa ya wati 10 ikiwaka saa 100 inakula yuniti moja. Birika la wati 2400 linaimaliza yuniti hiyo kwa dakika 25. Vyombo vya joto ndivyo vinavyokula pesa.

Kumbukeni: hesabu hizi zinafaa kwa betri na kwa vyombo vya joto. Mota ya kinu ina hesabu yake, muulizeni fundi. Na kupima stima ya 240 ni kazi ya fundi mwenye leseni, si ya kujaribu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Redio ya ukumbini inavuta ampea 2 kwa betri ya volti 12. Ni wati ngapi?
2. Hita ya vifaranga ya volti 240 inavuta ampea 1. Ukinzani wake ni omu ngapi? Ikiwaka saa 10 usiku inakula yuniti ngapi?
3. Zidisheni jibu hilo la yuniti na bei mnayolipa, kisha kwa usiku 21. Je, faida ya vifaranga itatosha?

Majibu: (1) Wati 24. (2) Omu 240, yuniti 2.4. (3) Yuniti ni 50.4, bei mnaijua wenyewe. Andikeni hesabu hiyo kwenye kitabu cha kikundi kabla ya kununua hita, si baada.