Kupoza Kompyuta kwa Maji katika Kasha Dogo

Prosesa ya kompyuta inayotumia wati 100 za umeme hugeuza karibu nishati yote hiyo kuwa joto. Katika kasha kubwa, joto hilo huondolewa na hewa. Katika kasha dogo, lenye kutosha bodi ya milimita 170 kwa 170, nafasi ya hewa kupita ni finyu. Ndiyo maana mafundi wengine hutumia maji.

Gramu 1 ya maji huhitaji jouli 4.2 ili halijoto yake ipande kwa digrii 1 ya Selsiasi. Tuseme lita 1 ya maji hupita kila dakika ndani ya kibao cha shaba kilichobanwa juu ya prosesa. Maji hayo hupokea jouli 6,000, na halijoto yake hupanda hivi:

6,000 ÷ (1,000 × 4.2) = digrii 1.4 takriban.

Hata hivyo, maji hayaliangamizi joto. Hulichukua tu hadi kwenye rejeta, ambako hewa hulipokea. Kwa hiyo, anayechagua kasha hupima kwanza mahali pa rejeta. Rejeta ya feni mbili za milimita 120 huzidi milimita 240 kwa urefu, kwani ina matangi kwenye ncha zake. Unene wake hujumlishwa na ule wa feni, ambao aghalabu ni milimita 25.

Wakati wa kufunga, ncha ya juu ya rejeta iwe juu kuliko pampu. Mapovu ya hewa hupanda. Yakikusanyika ndani ya pampu, mzunguko hudhoofika, na prosesa hupata joto hata ikajizima.

Zoezi: Maji yakipungua hadi lita 0.25 kwa dakika, halijoto yake itapanda kwa digrii ngapi?