Mwanafunzi wa Nyimbo Hapotezi Wakati

Wazazi wapenzi, huenda siku moja kijana wenu akawaambia kwamba chuo kimempa miezi miwili ya mafunzo ya utafiti, achunguze namna nyimbo zilivyoandikwa na namna ziimbwavyo. Pengine baba atauliza: Je, hiyo nayo ni elimu? Nimelipa karo ili akaimbe? Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu lenye sababu.

Katika karne ya 9 na ya 10 wamonaki wa Ulaya waliweka alama ndogo juu ya maneno ya nyimbo za Kanisa. Alama hizo, ziitwazo neuma, zilionyesha sauti inapopanda na inaposhuka, mahali pa kuharakisha na mahali pa kukawia; lakini nyingi hazikuonyesha sauti ipande kwa kiasi gani. Asiyeujua wimbo tangu awali hakuweza kuuimba kwa kutazama kitabu. Ilimpasa kuketi karibu na mwalimu wake miaka mingi.

Karibu na mwaka 1025 mmonaki Guido wa Arezzo, huko Italia, alieneza namna ya kuandika sauti juu ya mistari. Akazipa sauti majina sita, ut, re, mi, fa, sol, la, yaliyotoka katika utenzi wa Mt. Yohane Mbatizaji. Mwenyewe alieleza kwamba kazi iliyochukua miaka kumi yaweza sasa kumalizika kwa mwaka mmoja, au miwili. Faida ilikuwa kubwa, lakini hasara nayo haikukosa. Mistari ilitunza kimo cha sauti. Zile alama za mwendo zikaachwa kidogo kidogo, na karne zilipopita watu wakaziimba nyimbo hizo kwa uzito, kila sauti sawa na mwenzake.

Waliotafuta kilichopotea walikuwa watu wa subira. Wabenedikto wa Solesmes, Ufaransa, walianza mwaka 1889 kuchapisha picha za vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono. Mwaka 1903 Baba Mtakatifu Pio X aliagiza nyimbo za Gregori zirudishiwe heshima yake. Tena, tangu mwaka 1952, Padre Eugène Cardine wa Solesmes alifundisha muziki mtakatifu mjini Roma, na wanafunzi wake wakalinganisha alama za kale moja moja. Mwaka 1979 kilitolewa kitabu kiitwacho Graduale Triplex, chenye neuma za kale juu na chini ya mistari, hata mwimbaji aweza kusoma kimo na mwendo pamoja. Angalieni basi: kazi ya wanafunzi walioinamia alama ndogo ilibadili uimbaji wa Kanisa.

Sasa tuje kwetu. Kwaya zetu nyingi husoma herufi d, r, m, f, s, l, t, mtindo ulioenezwa katika karne ya 19 na Mwingereza John Curwen, aliyejifunza kwa mwalimu Sarah Glover. Ni mtindo mwema na rahisi, kwani hauhitaji mistari. Lakini bibi kijijini aimbapo wimbo wa mavuno au wa maombolezo, sauti yake huteleza kati ya herufi na herufi, na makofi hujibizana na ngoma kwa namna ambayo karatasi haiwezi kuieleza yote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulitaka muziki wa mataifa upewe heshima na mahali pake katika ibada. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika, alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mlango ulifunguliwa, wa kuingia ni vijana wetu.

Kijana aliyepewa kazi hii na ashike mambo matatu.

Kwanza, asikilize kabla ya kuandika, tena aombe ruhusa kwa heshima, kwa kuwa wimbo una wenyewe.

Pili, anase sauti kwa chombo, aandike awezavyo, na pembeni aeleze yale ambayo herufi zimeshindwa kuyashika.

Tatu, arudi kwa mwenye wimbo, auimbe kama alivyouandika, naye asahihishwe. Hapo ndipo atakapojua kama ameandika kweli au ameandika dhana yake.

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nyimbo za jamaa zetu ni mali, na wengi wanaozijua wamekwisha kuzeeka. Basi, baba, kijana wako akirudi na daftari lake, usimcheke. Mketishe karibu na bibi yake jioni hii, nawe uketi hapo usikilize.