Kutoka Habari ya Redioni hadi Makala ya Kisayansi: Mfano wa Chanjo ya Malaria

Mzazi aliyesikia redioni kwamba chanjo ya malaria hupunguza ugonjwa kwa nusu ana haki ya kuuliza katika zahanati ya Handeni: mtoto akichanjwa, chandarua bado kina kazi? Mhudumu wa afya hawezi kumjibu kwa kuirudia habari ile ile. Hana budi kukitafuta chanzo chake, nacho kinaanzia wilaya jirani. Korogwe, pamoja na Bagamoyo, ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya RTS,S.

Njia ya uhakika hupitia maktaba ya chuo cha afya. PubMed, iliyofunguliwa kwa umma bila malipo mwaka 1997, huonyesha muhtasari wa makala kwa yeyote mwenye intaneti. Makala kamili ya majarida ya kulipia hupatikana kupitia Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji. Nywila yake hukabidhiwa taasisi, si mtu binafsi. Ndiyo maana mkutubi ni wa kuonwa mapema. Asiye mwanachuo na aulize kama anaruhusiwa kusomea humo maktabani.

Akiandika jina la chanjo na neno Korogwe, msomaji hukutana na makala zaidi ya moja, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Ile ya mwaka 2011 ndiyo yenye “nusu”: ilihusu watoto waliochanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, katika takriban mwaka wa kwanza tu. Ya mwaka 2015, katika jarida la The Lancet, iliwafuatilia kwa takriban miaka minne. Kwa waliopata dozi tatu na ya nyongeza, upungufu ulikuwa asilimia 36. Bila nyongeza, asilimia 28. Kwa watoto walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12, kinga ilikuwa ndogo zaidi. Habari ya redio haikuwa uongo. Ilikosa muda na umri.

Makala hiyo ya pili inasema pia kwamba dozi nne zilizuia matukio 1,774 ya malaria kwa kila watoto 1,000. Namba hiyo humshangaza msomaji mpya, kwani inapita idadi ya watoto wenyewe. Sababu ni kwamba mtoto mmoja huugua mara kadhaa katika miaka minne. Aidha, huo ni wastani wa vituo vyote, vikiwamo vyenye malaria nyingi kuliko Korogwe, ambako utafiti mwingine, uliochapishwa katika Malaria Journal mwaka 2010, ulionyesha maambukizi yakishuka sana kati ya 2003 na 2008. Namba ya wastani isihamishwe hivi hivi hadi kijijini. Sehemu ya wafadhili nayo isirukwe: mtengenezaji wa chanjo alikuwa miongoni mwao, jambo lisilobatilisha matokeo lakini linalostahili kujulikana.

Kuhusu chandarua, makala yenyewe inajibu. Watoto wa pande zote mbili, waliopata chanjo hii na waliopata chanjo nyingine ya kulinganishia, walikuwa wakitumia vyandarua kwa wingi. Kinga iliyopimwa ni ile iliyoongezeka juu ya chandarua, si badala yake. Na mzazi wa Handeni anaweza kuelezwa hivyo hivyo.