Barua Isomwayo na Watu Wote

Somo kwa sharika, wainjilisti na waalimu wa mafundisho

Yasomwe kwanza: 2 Wakorintho 3:2-3, Mathayo 5:13-16, Yohana 13:34-35, Yakobo 2:14-17, 1 Petro 3:15-16.



Zamani za Mitume, mwalimu aliyekwenda mji wa ugeni alichukua barua ya kumsifu, ili wenyeji wamjue na kumpokea. Mtume Paulo awaambia Wakorintho kwamba yeye hana haja ya barua ya namna hiyo, maana wao wenyewe ndio barua yake. Haikuandikwa kwa wino, nayo yasomwa na kila mtu.

Neno hilo latuhusu sana. Katika vijiji vyetu vya Mbeya na Iringa wako watu wengi ambao hawajafungua Biblia hata siku moja. Lakini hakuna hata mmoja asiyetusoma sisi. Watusoma kisimani na sokoni, shambani na msibani, na jioni tukiwa nyumbani na watoto wetu. Basi yatupasa kujiuliza: wakiisha kusoma, wamepata habari za nani?

1. Jinsi Injili ilivyosomwa kwanza katika nchi hii

Mwaka 1891 wajumbe wa Misioni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walifika kwa njia ya ziwa Nyasa katika nchi ya Wanyakyusa. Walijenga kituo chao cha kwanza, wakakiita Wangemannshöhe. Mwaka huo huo ndugu Wamoraviani walianza kazi yao Rungwe. Kisha kazi ya Misioni ya Berlin ikaenea Manow na Mwakaleli, ikapanda milima ya Ukinga hata Bulongwa na Tandala, ikafika Ubena, yaani Kidugala na Ilembula, tena Uhehe.

Tufikiri hali ya siku zile. Mgeni alikuwa hajui lugha ya wenyeji, naye mwenyeji hajui lugha ya mgeni. Mahubiri yalipita kinywani mwa mkalimani, tena yalipungua njiani kama maji yachukuliwayo katika viganja. Lakini mwenendo hauhitaji mkalimani. Mtu aliweza kuona kwa macho yake kama mgeni huyu ana hasira au saburi, kama ampokea mtumwa aliyekimbia au amfukuza, kama ahadi yake ni ahadi. Wenyeji waliyapima hayo kabla ya kuyaelewa maneno. Ndivyo ilivyo hata leo: mtu hutazama kwanza, ndipo asikilize.

2. Taa isiyozimika

Wengine hudhani kwamba kanisa letu lilisimama kwa nguvu za wageni tu. Mambo ya vita vya kwanza vya dunia yawajibu. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia katika nchi hii kutoka upande wa Nyasaland na Rhodesia, nao wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa. Mishahara ya waalimu ikakatika. Wanaume wengi walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, chakula kikawa haba, na mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua uliopita duniani kote ukiwaua watu wengi.

Hapo ndipo ilipoonekana kama Injili ni mali ya wageni au ni mali ya wenyeji. Waalimu wa vijijini, wengi wao watu waliofundishwa Kidugala na katika vituo vingine, waliendelea kuwakusanya watu Jumapili, kuwafundisha watoto, kuwazuru wagonjwa na kuwazika wafu. Walilima mashamba yao ili wapate kula, kisha wakafanya kazi ya Bwana. Baadaye kanisa la Uskoti lililokuwa na kazi Livingstonia, katika Nyasaland, likasaidia kuyatunza makutano. Wamisionari Wajerumani waliporuhusiwa kurudi, tangu mwaka 1925, hawakuanza upya kama mwaka 1891. Walikuta kanisa. Hata vita vya pili vilipokuja mwaka 1939, nao wakaondolewa tena, kanisa halikufa. Walutheri wa Marekani na wa Uswidi walileta msaada, lakini waliolibeba kijiji kwa kijiji walikuwa wenyeji.

Twajifunza nini? Waalimu wale hawakuwa na vitabu vingi, wala gari, wala fedha. Majirani zao walijua ya kuwa hawalipwi. Kwa hiyo kila walipowaona wakienda kwa mgonjwa, walijua kwamba hawaendi kwa ajili ya mshahara. Katika mambo yote yaliyowafanya watu waamini, labda hakuna lililokuwa na nguvu kuliko hilo.

3. Matendo si malipo ya wokovu

Hapa lazima tutengeneze jambo moja, wasije watu wakatuelewa vibaya. Sisi Walutheri twafundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo yake. Basi je, twasifu matendo mema ili tujipatie sifa mbele za Mungu? Hasha. Mungu hana haja ya matendo yetu. Jirani yetu ndiye mwenye haja nayo. Kwa sababu tumekwisha kupokea bure, mikono yetu imefunguliwa, nasi hatuna kazi tena ya kuhesabu thawabu.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya tano hakutosheka kusema tusimwue mtu. Alifundisha kwamba tumsaidie jirani katika kila haja ya mwili wake. Mtoto wa kipaimara aliyejifunza maneno hayo kwa moyo, kisha akampita mgonjwa bila kumpa maji, amejifunza nusu tu ya somo lake.

4. Ugonjwa uliotupima

Katika siku zetu nchi hii imepimwa kwa ugonjwa wa Ukimwi. Mikoa yetu iliumizwa kuliko mingi. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 na 2017, ulioshika watu wenye miaka 15 na zaidi, mkoa wa Njombe, uliokuwa sehemu ya Iringa mpaka mwaka 2012, ulikuwa na watu zaidi ya 11 wenye virusi katika kila watu 100. Iringa vivyo hivyo. Mbeya walikuwa zaidi ya 9. Na nchi nzima ilikuwa kama 5. Nyuma ya hesabu hizo wako yatima waliolelewa na bibi zao, na nyumba zilizofungwa milango.

Wazee wetu wakumbuka jinsi ilivyokuwa kabla ya mwaka 2004, serikali ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali ya ugonjwa bila malipo. Mgonjwa alikonda, akatengwa. Sahani yake iliwekwa peke yake. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa. Wengine, hata katika kanisa, walisema kwamba ni dhambi yake imemrudia. Wakati ule watu walisoma barua mbili zilizoandikwa kwa jina moja la Ukristo. Barua ya kwanza ilihukumu kutoka mbali. Barua ya pili ilikuja na beseni la maji, sabuni na uji, ikamwosha mgonjwa, ikamgeuza kitandani, ikakaa naye usiku. Waliofanya hivyo wengi wao walikuwa akina mama wa usharika, ambao majina yao hayakuandikwa katika taarifa yo yote. Pamoja nao walikuwako waganga na wauguzi wa hospitali za kanisa, kama ile ya Bulongwa na ile ya Ilembula.

Katika barua hizi mbili, ni ipi iliyowafundisha watu habari za Kristo aliyemgusa mwenye ukoma? Kila mmoja aweza kujibu. Wala jambo hili halijapita. Dawa zipo, lakini aibu ingalipo, na wako watu waendao kliniki ya mbali ili jirani asiwaone. Mkristo ashikaye siri ya mwenzake, na kumkumbusha dawa zake kwa upole, amehubiri.

5. Mahali tunaposomwa kila siku

Si kila siku yaleta vita au tauni. Kwa hiyo na tutazame mahali padogo, ambapo barua yetu yasomwa zaidi.

Nyumbani. Wa kwanza kutusoma ni mke, mume, watoto na mtumishi wa nyumbani. Mzee wa kanisa asifiwaye barazani, huku mkewe amwogopa, barua yake imechanika katikati.

Sokoni. Mkulima wa viazi wa Njombe au wa Uporoto aijua vema lumbesa: gunia lajazwa hata mdomoni, kisha laongezwa kilemba juu, nalo lalipwa kama gunia la kawaida. Mkulima hunung'unika, lakini ana haja ya fedha ya ada ya shule. Mfanyabiashara Mkristo apimaye kwa mizani ya haki, ijapokuwa wenzake wamcheka, amewahubiri wakulima amri ya saba bila kupanda mimbari. Na yule ajazaye lumbesa Jumamosi, kisha akasoma somo kanisani Jumapili, wakulima watalisikia somo gani?

Ulimini. Amri ya nane yatuagiza kumtetea jirani na kuyapokea mambo yake kwa nia njema. Mwanamke mzee akituhumiwa uchawi, uvumi ukaanza kuzunguka, Mkristo asinyamaze. Asipomtetea mapema, kesho huenda akamzika.

Msibani. Katika nchi zetu watu wa dini zote na wasio na dini hukutana penye msiba. Twende mapema, tuchote maji, tuchanje kuni, tukae hata wengine wamekwisha kuondoka. Tena tusichague: msiba wa Mwislamu, wa Mkatoliki, wa mtu asiyebatizwa, yote ni misiba ya jirani.

6. Upendo si chambo, tena neno lisikosekane

Yako makosa mawili ya kuepuka.

Kosa la kwanza ni kuufanya upendo kuwa chambo cha ndoana. Mvuvi wa ziwa Nyasa hampendi samaki ampaye chambo. Tukimpa yatima daftari ili mlezi wake ajiandikishe kanisani, na asipojiandikisha tukaliacha daftari lisije tena, hatukumpenda, tulimvua. Bwana Yesu aliwaponya wakoma kumi, naye aliyerudi kushukuru alikuwa mmoja. Wale tisa hawakunyang'anywa uzima wao. Basi na tutende mema, na matunda tumwachie Mungu.

Kosa la pili ni kunyamaza daima, tukisema kwamba matendo yatosha. Mtume Petro ataka tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini letu, tena kwa upole. Angalieni mpango wake: ataka tuwe tayari kujibu. Swali hutangulia, nalo huzaliwa na mwenendo. Jirani auliza, "Kwa nini ulimsamehe yule aliyelisha ng'ombe wake mahindi yako?" Hapo si mahali pa kusema, "Ni tabia yangu tu." Ni mahali pa kusema kwa maneno machache, bila majivuno, kwamba nami nilisamehewa deni kubwa zaidi.

Maswali ya kuulizana katika usharika

1. Katika kijiji chetu, ni watu gani watusomao wasiofika kanisani? Wanasoma nini?

2. Waalimu wa mwaka 1916 waliendelea bila mshahara. Kazi gani za usharika wetu zingesimama leo kama fedha zikikoma, na zipi zingeendelea? Kwa nini?

3. Je, yuko mtu katika mtaa wetu aliyetengwa kwa ugonjwa, kwa uvumi au kwa umaskini? Nani atakwenda kwake juma hili?

4. Wafanyabiashara na wakulima wa usharika waseme: kupima kwa haki kwagharimu nini, na usharika waweza kuwasaidiaje wale waamuao kufanya hivyo?

5. Kila mmoja ajizoeze kulisema tumaini lake kwa maneno yasiyozidi kumi, kwa lugha ya nyumbani kwake.

Mwinjilisti asiharakishe swali la tatu. Lisiishe kwa maneno. Majina ya watakaokwenda yatajwe, na juma lijalo waulizwe habari za aliyezuriwa.

Ndugu, barua haichagui siku ya kusomwa. Iliyokwisha kuandikwa husomwa tu. Na Bwana aendelee kutuandika kwa Roho wake, hata jirani zetu wakitusoma wapate kulitambua jina lake. Amin.