SOMO: SIMU YA DHARURA ISIPOPOKELEWA, TUSINYAMAZE



Katika semina zetu na kamati za sharika za pembezoni mwa Temeke na Kinondoni tuliuliza: nyumba ikishika moto usiku, utampigia nani? Wengi walitaja jirani mwenye gari. Wachache walitaja 114. Mama mmoja alisema aliwahi kupiga namba ya dharura mara tatu, haikupokelewa, naye akanyamaza. Somo letu linaanzia kwenye kunyamaza huko.

1. Namba zilizopo

Namba hizi hupigwa bila malipo:
- 112: Polisi.
- 114: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.
- 115: usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, kupitia mpango wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Gari la wagonjwa lisipopatikana, hutafutwa dereva wa jamii.

2. Sheria inasemaje

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inaipa TCRA kazi ya kusimamia mpango wa namba za simu nchini. Sheria ya mwaka 2003 iliyounda TCRA iliunda pia baraza la ushauri la watumiaji wa mawasiliano, ili sauti ya mwananchi ifike. Hata hivyo, sheria haiwezi yenyewe kujua kwamba usiku fulani simu kutoka Chamazi au Mabwepande haikupokelewa. Ni lazima mtu aseme.

3. Mfano wa London

Novemba 1935 nyumba iliungua katika mtaa wa Wimpole, London, na wanawake watano walikufa. Jirani aliyepiga simu kuita zimamoto aliwekwa kwenye foleni na kituo cha simu. Aliandika barua gazetini. Serikali ikaunda kamati ya uchunguzi, na Juni 30, 1937 namba 999 ikaanza kutumika. Barua ya mtu mmoja ilisaidia kuleta mabadiliko hayo.

4. Kamati ifanye nini

a) Ihakikishe kila kaya inajua jina la barabara na namba ya nyumba iliyopewa katika zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022. Simu ikipokelewa, swali la kwanza ni: uko wapi?

b) Ifungue daftari la simu zilizoshindikana: tarehe, saa, mahali, mtandao, namba iliyopigwa, na kilichotokea.

c) Kama simu haikutoka, ipeleke malalamiko kwa kampuni ya simu, yasipotatuliwa, TCRA. Kama iliita bila kupokelewa, iandikie ofisi ya huduma husika. Itunze nakala.

d) Iwaonye watu wasipige kwa kujaribu au kwa mzaha. Huenda mwenye shida yuko nyuma yao.

Kwa wafadhili wetu: kazi hii inahitaji madaftari, mabango na nauli za wawezeshaji tu, lakini inaweza kuokoa maisha ya mama na mtoto.

Maswali ya kujadili

1. Nani kati yetu amewahi kupiga akakosa msaada? Aliripoti wapi?
2. Gari la zimamoto litapita wapi kufika mtaani kwetu?

Katika Luka 11 Bwana Yesu anasimulia habari za mtu aliyebisha hodi usiku wa manane bila kukata tamaa, hata akapewa alichohitaji. Nasi tuendelee kubisha hodi.

Mungu awabariki.